Mick Doohan, bingwa wa mguu mmoja na nusu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vijana wakibishana kuhusu mbio za pikipiki hutaja Rossi na Márquez. Wazee humtaja Agostini. Katikati yao yupo Mwaustralia mmoja aliyetawala miaka ya 1990 mpaka watazamaji wakaanza kumlalamikia kwamba anashinda mno. Maswali yanayofuata ndiyo yanayorudi kila jina lake linapotajwa. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja, mengine kwa kirefu, maana kuna mambo kwenye maisha ya Doohan yasiyoelezeka haraka.

Mick Doohan ni nani hasa?

Michael Doohan alizaliwa Brisbane, Australia, tarehe 4 Juni 1965, akakulia Gold Coast. Alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la cc 500 mara tano mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1998. Alianza mbio 137, akashinda 54, akapanda jukwaani (yaani alimaliza ndani ya tatu bora) mara 95, na mara 58 alianzia nafasi ya kwanza. Hesabu zote hizo ni za daraja moja na kampuni moja, Honda. Hakupitia cc 125 wala cc 250 kwenye ubingwa wa dunia kama walivyofanya wengi. Aliingilia mlango wa juu.

Daraja la cc 500 lilikuwaje? Mbona siku hizi halisikiki?

Lilikuwa daraja la juu kabisa la mbio za dunia tangu 1949. Mwaka 2002 likapisha MotoGP, yenye injini kubwa zaidi za mipigo minne.

Pikipiki za enzi ya Doohan zilikuwa za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, ambazo ukipita nyuma yake unaondoka na moshi kwenye nguo. Honda NSR500 yake ilikuwa na silinda nne, uzito wa kilo 130 na kidogo, na nguvu za farasi kama 180. Sasa chukua bodaboda ya cc 150 inayokupeleka sokoni. Uzito wake haupishani sana na huo, lakini nguvu zake ni za farasi 12 hivi.

Jambo jingine ni kwamba hapakuwa na kompyuta ya kumzuia dereva asijiue. Leo ukizidisha moto kwenye kona, mitambo inapunguza yenyewe. Wakati ule kilichokuwepo ni kifundo chako cha mkono wa kulia tu. Injini ya mipigo miwili hulala usingizi, kisha inaamka yote kwa mkupuo. Ikiamka huku umelala kwenye kona, tairi la nyuma linateleza. Likishika lami tena kwa ghafla, pikipiki inasimama wima na kukurusha hewani kama punda aliyechoka kupandwa. Madereva wengi wa miaka hiyo walivunjika mifupa kwa namna hiyo.

Alianzaje?

Kwenye vumbi, kama Waaustralia na Wamarekani wengi wa kizazi chake. Ndiyo maana tairi la nyuma kuteleza hakukumtisha. Kwake ilikuwa njia mojawapo ya kukata kona. Mwaka 1988, akiwa na Yamaha, alishinda mbio zote mbili za Oran Park kwenye ubingwa wa dunia wa Superbike, ule wa pikipiki zinazotokana na zile za madukani, na Honda wakamchukua mwaka uliofuata.

Kambi ile ya Honda ya 1989 haikuwa ya mgeni kujifunzia kazi. Ndani yake walikuwemo Eddie Lawson, aliyekwisha kuwa bingwa mara tatu, na Wayne Gardner, Mwaustralia wa kwanza kutwaa ubingwa wa cc 500 (1987). Doohan alimaliza msimu akiwa wa tisa. Mwaka 1990 alipata ushindi wake wa kwanza, Hungary. Mwaka 1991 akawa wa pili duniani nyuma ya Mmarekani Wayne Rainey, na mwaka huohuo akashinda Saa Nane za Suzuka, mbio za Japan zinazodumu kwa muda wa saa nane, pamoja na Gardner.

Nini kilitokea mwaka 1992?

Hapa ndipo pa kukaa.

Msimu wa 1992 Doohan aliuanza kama mtu mwenye deni la kulipa. Alishinda Suzuka. Akashinda Eastern Creek nyumbani Australia. Akashinda Shah Alam nchini Malaysia, kisha Jerez. Mbio nne, ushindi mara nne. Mugello na Catalunya akawa wa pili, Hockenheim akashinda tena. Baada ya mbio saba alikuwa na pointi 130, akimwacha Rainey kwa pointi 65. Ushindi ulikuwa na pointi 20 tu wakati huo, kwa hiyo pengo lile lilizidi ushindi wa mbio tatu. Watu walianza kuhesabu ni lini atatangazwa bingwa.

Mwishoni mwa Juni wakafika Assen, Uholanzi. Kwenye mazoezi ya kupanga nafasi za kuanzia, Doohan akaanguka, akavunjika mifupa miwili ya mguu wa kulia chini ya goti. Kwa dereva wa mbio, mguu kuvunjika si habari kubwa. Unafungwa vyuma, unangoja wiki kadhaa, unarudi. Kilichofanya habari iwe kubwa ni yaliyotokea baada ya upasuaji. Damu haikupita vizuri, mguu ukavimba, nyama zikaanza kufa, na hatimaye pakawa na mazungumzo ya kuukata.

Mbio za Assen zenyewe zilishindwa na Àlex Crivillé, Mhispania wa kwanza kabisa kushinda cc 500. Likumbuke jina hilo.

Ni kweli miguu yake ilishonwa pamoja?

Ni kweli, wala haikutiwa chumvi.

Palikuwa na daktari Mwitalia, Claudio Costa, aliyezunguka na mashindano akiwa na zahanati yake ya kwenye gari. Madereva walimwamini kuliko daktari yeyote, kwa sababu yeye hakuwauliza kwa nini wanataka kurudi kwenye pikipiki. Aliwauliza wanataka kurudi lini. Costa akaja na ndege, akamtoa Doohan Uholanzi na kumpeleka Italia. Ndani ya ndege hiyo alikuwemo pia Kevin Schwantz, mshindani wake, aliyeumia kwenye mbio zilezile za Assen.

Mguu wa kulia ulikosa damu ya kutosha. Costa na wenzake wakaushona kwenye mguu wa kushoto, ili ulio mzima uulishe ulio mgonjwa. Doohan alikaa hivyo kama wiki mbili, miguu imeunganishwa kama samaki aliyefungwa mkiani, huku wenzake wakiendelea na mbio na pengo lake likipungua kila Jumapili. Mguu ulipona. Ulipona ukiwa umepinda na umekonda, na kifundo chake hakikukubali tena kukunjika. Lakini ulikuwa bado wake.

Alirudi lini, na ubingwa ulipoteaje?

Alikosa mbio nne: Uholanzi yenyewe, Hungary, Ufaransa na Uingereza. Zilibaki mbili. Akarudi Brazil mwezi Agosti, wiki nane tu tangu avunjike, akiwa hawezi hata kutembea vizuri. Alipandishwa kwenye pikipiki akaenda. Akamaliza wa kumi na mbili. Mwaka ule pointi zilitolewa kwa kumi wa kwanza tu, kwa hiyo maumivu yote yale hayakumletea hata moja. Rainey alishinda. Ikawa 130 kwa 128.

Uamuzi ukahamia Afrika. Mbio za mwisho zilikuwa Kyalami, kaskazini ya Johannesburg, tarehe 6 Septemba 1992. Doohan alifika akiongoza kwa pointi mbili, mwembamba kama fimbo. John Kocinski akashinda, Gardner akawa wa pili, Rainey wa tatu. Doohan alimaliza wa sita.

Hesabu zikasomeka: Rainey 140, Doohan 136. Nafasi ya nne ilikuwa na pointi kumi. Angeipata, wangelingana kwa 140, na ubingwa ungekuwa wake kwa sababu alishinda mbio tano dhidi ya tatu za Rainey. Nafasi mbili tu za lami ya Kyalami! Nimeyasoma matokeo yale mara nyingi, na kila mara natamani mstari wa mwisho ubadilike.

Rainey hapaswi kulaumiwa. Naye alipanda akiwa ameumia sehemu ya msimu ule, na alichukua alichoachiwa.

Breki ya kidole gumba ni kitu gani?

Anayeendesha pikipiki anajua mpangilio: mguu wa kushoto ni wa gia, wa kulia ni wa breki ya nyuma. Doohan sasa alikuwa na kifundo cha kulia kisichokunjika. Kwenye kona ya kushoto aliweza kujitahidi. Kwenye kona ya kulia, pikipiki ikiwa imelalia upande huohuo, mguu ule haukuwa na nafasi wala uwezo wa kuikanyaga pedali.

Mtu anaweza kusema aachane nayo, si anayo ya mbele? Lakini Doohan hakuitumia breki ya nyuma kusimamia tu. Aliitumia katikati ya kona kuituliza pikipiki na kuizuia isinyanyue tairi la mbele wakati wa kutoka. Bila hiyo alikuwa dereva mwingine kabisa. Basi mwaka 1993 akatengenezewa kijimkono kidogo upande wa kushoto wa usukani, chini ya mkono wa klachi, akawa anakibonyeza kwa kidole gumba. Kijimkono hicho kilifunga breki ya nyuma.

Leo madereva wazima wenye vifundo visivyo na kasoro wanaitumia kwenye MotoGP, kwa sababu inampa dereva hisia nzuri zaidi kuliko mguu. Dawa ya kilema imekuwa kifaa cha kawaida.

Kwa hiyo alianza kushinda mara moja?

La. Mwaka 1993 ulikuwa mgumu. Alishinda mara moja tu, Mugello, akamaliza msimu akiwa wa nne. Mguu ulikuwa bado umepinda, na baadaye ukafungwa ile fremu ya vyuma vya nje inayonyoosha mfupa polepole. Mwaka huohuo Rainey, akiongoza ubingwa, alianguka Misano mwezi Septemba na kupooza kuanzia kifuani kwenda chini. Schwantz akawa bingwa.

Mwaka 1994 ndipo mambo yakageuka. Mbio 14, ushindi 9, na katika zile tano nyingine hakushuka chini ya nafasi ya tatu.

Watu husema alishinda kwa sababu Rainey na Schwantz hawakuwepo. Ni kweli?

Swali hili halifi, na lina haki yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, ila kwenye michezo asiyekuwepo huachiwa sifa zote na wanaomkumbuka.

Tazama mwaka 1992 kabla ya Assen. Rainey alikuwepo, Schwantz alikuwepo, Lawson alikuwepo. Doohan alishinda tano kati ya saba na mbili akawa wa pili. Tazama pia 1994. Schwantz alikuwa bingwa mtetezi, amevaa namba 1, na bado Doohan alitangulia mbali. Schwantz alistaafu katikati ya 1995, majeraha yakiwa yamemchosha.

Wanaosema alikuwa na Honda nzuri kuliko wengine nao wasikilize: Honda ile ile walikuwa nayo Crivillé, Tadayuki Okada na wengine. Mwaka 1997 Honda walishinda mbio zote 15 za msimu, na Doohan alichukua 12 kati yake. Hao wengine walikuwa na injini ya namna gani? Tuje hapo.

Ile habari ya injini ya «mlipuko mmoja» ni ipi?

Mwaka 1992 Honda walileta NSR500 ambayo silinda zake nne zililipuka karibu kwa pamoja, kisha kukawa na kimya kabla ya mlipuko mwingine. Katika kile kimya tairi la nyuma lilipata nafasi ya kushika lami. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukohoa. Wapinzani wakaiga haraka.

Ile ya zamani, yenye milipuko iliyogawanywa sawasawa, ilipiga kelele nyembamba kama msumeno. Ilikuwa na nguvu zaidi huko juu lakini haikuwa na huruma. Mwaka 1997 Doohan aliamua kuirudia, wenzake wa Honda wakabaki na ile laini. Sababu zake zilikuwa za kiufundi, lakini mimi nina dhana yangu: alijua akiwapita kwa pikipiki iliyo ngumu zaidi, hakuna atakayesema tena ni pikipiki.

Msimu wake bora ni upi?

1997, bila ubishi mrefu. Ushindi 12, kumi kati yake mfululizo. Mara mbili alikuwa wa pili. Mara moja tu hakumaliza, nayo ilikuwa nyumbani Phillip Island, alipoanguka akiongoza kwa mbali. Jumla pointi 340. Rekodi ya ushindi 12 kwa msimu mmoja katika daraja la juu ilidumu hadi Marc Márquez aliposhinda 13 mwaka 2014, tena kwa msimu wa mbio 18.

Je, mbio zake zilichosha kutazama?

Mara nyingine, ndiyo. Alianza, akatangulia, na kamera ikalazimika kutafuta vita vya nafasi ya pili. Lakini mtu aliyepoteza ubingwa kwa pointi nne hawezi kulaumiwa kwa kutopenda kubahatisha. Sidhani kama baada ya Kyalami aliwahi tena kuiona pointi moja kuwa ndogo.

Aliyemtoa jasho ni Crivillé, tena mwenzake wa timu. Mwaka 1996 Jerez, Mhispania aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho. Mashabiki, wakidhani mambo yamekwisha, wakaingia uwanjani kabla ya mbio kumalizika. Kona ya mwisho Crivillé akaanguka, Doohan akashinda. Mwaka huohuo huko Brno wakafika mstarini pamoja, na Crivillé akatangazwa mshindi kwa sekunde 0.002. Lakini ubingwa ulikwenda kwa Doohan.

Aliacha lini, na kwa nini?

Ubingwa wa tano aliufunga Phillip Island, Oktoba 1998, mbele ya watu wake, baada ya kumshinda Max Biaggi aliyekuwa mgeni wa daraja lakini si mgeni wa maneno. Ulikuwa msimu wake wa mwisho kamili.

Mei 1999, kwenye mazoezi ya Jerez, alikanyaga mstari wa rangi uliolowa. Akaanguka, akavunjika mguu na kifundo cha mkono. Safari hii alikuwa na umri wa karibu miaka 34 na hakuwa na kitu cha kudai. Akatangaza kustaafu. Ubingwa wa mwaka ule ulikwenda kwa Crivillé, wa kwanza kwa Mhispania katika cc 500.

Ana uhusiano gani na Valentino Rossi?

Rossi alirithi watu wake. Fundi mkuu wa Doohan katika ubingwa wote tano alikuwa Jeremy Burgess, Mwaustralia mwenzake. Doohan alipoondoka, Burgess na kikosi chake wakapewa kijana Mwitalia aliyepanda cc 500 mwaka 2000. Mwaka 2001 Rossi akawa bingwa wa mwisho wa cc 500. Doohan alibaki Honda kama mshauri kwa muda, kisha akaingia biashara ya ndege za kukodi.

Jack Doohan wa Formula 1 ni nani kwake?

Ni mwanawe, aliyezaliwa 2003. Alichagua magurudumu manne. Aliendesha gari la timu ya Alpine mbio ya mwisho ya 2024 na mbio sita za mwanzo za 2025, kisha kiti kikapewa Franco Colapinto.

Anashika nafasi gani katika historia?

Kwa idadi ya ubingwa wa daraja la juu yuko nyuma ya Agostini (8), Rossi (7) na Márquez (7). Kwa mfululizo wa ubingwa tano yuko sawa na Rossi wa 2001 hadi 2005, na Agostini pekee ndiye aliyewapita, kwa kuchukua saba. Ukiniuliza nani mkali kuliko wote sitamtaja Doohan. Ukiniuliza nani alistahili zaidi ya alichopata, nitakupeleka Kyalami.

Jina lake limebaki wapi?

Phillip Island, uwanja ulio kando ya bahari kusini ya Melbourne. Ule mstari mrefu ulionyooka una jina la Gardner. Madereva wanaushuka kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na mwisho wake wanaingia kona ya kwanza, inayoitwa Kona ya Doohan. Kona nyingi za uwanja ule ni za kushoto. Hiyo ni ya kulia.